UZI: Kujenga na kujaribu monsta traki ya rimoti, na kwa nini mota inakuja mwisho

Gurudumu Kubwa (mleta mada)

Habari wakuu.

Uzi huu ni wa wenye monsta traki za rimoti za umeme, hasa za skeli ya 1/8 (yaani moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi), zile za kilo nne au tano zenye difu tatu (gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu) na vishikio vya magurudumu vya milimita 17. Wenye 1/10 karibuni pia. Mantiki ni ileile, vipimo tu ndivyo vinavyoshuka.

Msimamo wangu nautanguliza ili anayepinga apinge mapema: mota kali na betri kubwa ni vitu vya mwisho kununua. Wengi wakipata gari, la kwanza ni kutafuta mbio. Gari linaishia kuwa na mwendo ambao servo (mota ndogo inayogeuza usukani) haiwezi kuuongoza, shokapu haziwezi kuutua na gia haziwezi kuubeba. Mimi naenda hivi: skrubu, usukani, shokapu, difu, matairi, bodi (ganda la nje), ndipo nguvu. Kila hatua naijaribu peke yake. Ukibadili mafuta ya shokapu na matairi siku moja, halafu gari likaanza kupinduka kwenye kona, utamshika nani?

Kabla ya kubadili chochote

Hata gari jipya la boksi, lifungue. Kila skrubu inayoingia chuma kwa chuma itoe, ifute mafuta, itie tone la gundi ya nati ya buluu, irudishe. Mtetemo wa mota unalegeza skrubu za chuma haraka sana, na ya kwanza kuondoka huwa ile ndogo inayobana pinioni (gia ndogo ya mota) kwenye shafti ya mota. Skrubu inayoingia kwenye plastiki usiitie gundi hiyo kabisa. Plastiki hushika uzi yenyewe, na gundi hizi nyingine huifanya iwe dhaifu na kupasuka.

Hapohapo angalia pinioni inavyokutana na gia kubwa. Weka kipande cha karatasi ya kawaida katikati ya meno, sukuma mota mpaka ibane, kaza, zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa lakini haijachanika, nafasi ni nzuri. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima ukiisikiliza, maana gia nyingi hazina uduara kamili na upande mmoja huwa unabana zaidi. Nafasi iwekwe kwa upande huo unaobana.

Usukani

Matairi ya monsta traki ni makubwa na mazito, na gari likiwa limesimama kwenye lami servo dhaifu haiwezi kuyageuza. Kwa 1/8 naona servo ya kilo 25 kwa sentimita yenye gia za chuma ndiyo pa kuanzia. Maana ya namba hiyo ni kwamba kwenye mkono wa urefu wa sentimita moja kutoka katikati ya shafti, servo inahimili kilo 25. Mkono ukiwa sentimita mbili, ni nusu yake. Kwa hiyo usiweke mkono mrefu ukidhani unaongeza nguvu. Unaongeza mwendo na kupunguza nguvu.

Kuna jambo linalosahaulika sana hapa. Servo kubwa inakula umeme mwingi inapokwama, ampea kadhaa kwa mpigo, na umeme huo unatoka kwenye kidhibiti mwendo (kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota) kupitia risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti. Kidhibiti kikiwa hakitoshi, volti zinaanguka na risiva inazimika kwa kitambo kidogo. Gari linakosa mawasiliano wakati uleule unakata kona huku umetia moto, yaani umebonyeza triga ya mwendo kwenye rimoti. Watu wanalaumu rimoti, wananunua nyingine, tatizo linabaki. Chomeka kapasita kwenye nafasi tupu ya risiva, au tumia kishusha volti kinachojitegemea.

Halafu rekebisha kikomo cha usukani kwenye rimoti. Geuza mpaka mwisho. Servo ikinguruma maana yake inasukuma kitu kisichoweza kwenda tena. Punguza kikomo hadi mngurumo uishe, kushoto na kulia, kila upande kivyake.

Shokapu

Hapa ndipo pa kutumia muda, wakuu. Uzuri wote wa monsta traki uko kwenye kutua.

Fungua zote nne, mwaga mafuta ya zamani, safisha, kagua shafti kama imepinda kwa kuiviringisha juu ya kioo. Tia mafuta ya silikoni hadi karibu na ukingo, sukuma pistoni juu na chini polepole, kisha iache shokapu wima mpaka mapovu yote yapande. Usiharakishe. Shokapu yenye hewa ndani inafanya kazi tofauti na mwenzake, na gari litatua likiwa limeinamia upande mmoja. Ukimaliza, shika mbili za mbele, zigusanishe ncha kwa ncha, sukuma. Zikishuka sawasawa, umefaulu.

Kuhusu unene wa mafuta: namba za WT zinazoandikwa kwenye chupa, za kampuni mbili, hazilingani, kwa hiyo jizoeze kusoma cSt, kipimo halisi cha unene (namba kubwa ni mafuta mazito). Kwa 1/8 naanzia 500 hadi 600 cSt, kisha natega sikio. Joto la hewa likipanda mafuta yanakuwa mepesi, kwa hiyo kilichokuwa sawa asubuhi yenye baridi kinaweza kudunda mchana.

Jaribio lake ni hili. Gari likiwa na betri ndani, linyanyue usawa kama sentimita 30 kutoka sakafuni, liachie. Unataka chesisi ishuke hadi karibu na sakafu au iguse kidogo tu, kisha gari lirudi kwenye kimo chake mara moja na kutulia. Likidunda mara mbili tatu, mafuta ni mepesi au springi ni ngumu mno. Likibamiza chini kwa kishindo, springi ni laini au mafuta hayatoshi. Likikaa chini na kupanda kwa uvivu, mafuta ni mazito, na kwenye matuta yanayofuatana shokapu hazitapata muda wa kurudi.

Nitaendelea na difu. Maswali karibuni.

Mpenda Tope

Mkuu uzi mzuri. Mimi mikono ya saspensheni ya plastiki imenivunjikia, nimeona seti ya alumini inauzwa, inang'aa kweli. Niichukue?

Gurudumu Kubwa

Hapana mkuu, mikono iache iwe ya nailoni. Gari la kilo tano likianguka kutoka mita moja linafika chini kwa kasi ya kama kilomita 16 kwa saa, na kutoka mita mbili ni kama 22. Nishati hiyo lazima iende mahali. Mkono wa nailoni unapinda, unarudi, unakuwa umemeza sehemu ya pigo. Wa alumini haupindi. Pigo linapita zima hadi kwenye pini, kwenye kibebeo cha difu, kwenye chesisi. Na likizidi, mkono unapinda na kubaki hivyo, magurudumu yanaangalia pande mbili. Kuvunja mkono wa nailoni ni dakika 15 za kazi. Kuvunja kibebeo cha difu ni kufungua nusu ya gari.

Nunua mikono ya nailoni iliyo minene zaidi ya ile ya kiwandani, ipo.

Skrubu Tatu

Nakubaliana nawe kwenye mikono, ila naomba nisimamie alumini kidogo isije ikaonekana haina kazi. Kishikilia mota kiwe cha alumini. Kikiwa cha plastiki kinanyumbuka ukitia moto, meno yanaachana, gia kubwa inaliwa. Vishikio vya milimita 17 navyo, na zile bawa za usukani katikati, zinazopeleka mwendo wa servo kwenye magurudumu. Kofia za shokapu pia, kwa sababu za plastiki hutoka uzi gari likitua vibaya na mafuta yote yanamwagika.

Gurudumu Kubwa

Skrubu Tatu amesema vizuri kuliko mimi. Kipande kinachotakiwa kubaki mahali pake milimita kwa milimita, alumini. Kipande kinachopigwa, nailoni. Na kumbuka alumini ni nzito kuliko nailoni: ukiongeza gramu 500 kwenye gari la kilo tano, kila kutua kumeongezeka uzito kwa asilimia 10.

Gurudumu Kubwa

Difu

Difu tatu: mbele, kati, nyuma. Ya kati ndiyo inayoamua tabia ya monsta traki, na ndiyo ambayo watu hawaigusi.

Umeme ukiingia, gari linajinyanyua mbele, magurudumu ya mbele yanapungukiwa uzito. Difu hupeleka mzunguko kwenye upande mwepesi, kwa hiyo nguvu inakimbilia mbele ambako hakuna mshiko. Utayaona matairi ya mbele yanavimba na kuwa membamba kama sahani huku gari haliendi popote. Ukiona hivyo, mafuta ya difu ya kati ni mepesi. Magari mengi huja na mafuta ya karibu 10,000 cSt. Mimi napandisha ya kati hadi 30,000 au 50,000. Ukienda juu zaidi gari linasimama kwa magurudumu ya nyuma kila ukigusa triga. Wapo wanaotaka hivyo hasa.

Mbele na nyuma naacha 7,000 hadi 10,000. Mbele ikiwa nzito sana gari linagoma kukata kona, linakwenda mbele tu.

Kujaza: mafuta yafunike ile misalaba ya ndani kidogo, usijaze mpaka mdomo. Yakipata joto yanatanuka, na yakikosa nafasi yanatokea kwenye mpira wa kuzuia. Ukishafungua difu, angalia pia mchezo kati ya gia ya taji na pinioni yake ya ndani. Kukiwa na mchezo mwingi, ongeza washa (kipete cha chuma) nyembamba upande wa gia ya taji mpaka mchezo ubaki kidogo sana lakini izunguke bila kukwama. Difu nyingi "zilizoliwa na nguvu" ziliuawa na washa hiyo kukosekana.

Betri Nne

Mleta mada, za ekseli nzima je, zile ambazo chuma kimoja kinaunganisha magurudumu mawili? Zile zinazofanana na monsta traki halisi za uwanjani. Maana uzi umeegemea saspensheni huru, ambayo kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake.

Skrubu Tatu

Nimjibie hapo kwa kuwa ndizo ninazocheza nazo. Ekseli nzima ndiyo asili yenyewe. Bigfoot ya Bob Chandler kule Marekani, ile Ford F-250 ya 1974 iliyokanyaga magari chakavu mwaka 1981, ilikuwa na ekseli nzima. Kwenye rimoti, Tamiya walitoa Clod Buster mwaka 1987: mota mbili, kila ekseli na yake, na magurudumu yote manne yanageuka. Hadi leo watu wanajenga juu ya mpango huo.

Utofauti wake ni kwamba ekseli ni nzito na inaning'inia chini ya springi, kwa hiyo saspensheni inachelewa kuifuata ardhi. Gurudumu moja likipanda tuta, la pili linainama. Mwendo wa juu haulifai gari hili. Linafaa kupanda, kuruka kwa mtindo, kusimama wima. Mafuta ya shokapu nayaweka mepesi kuliko ya gari la saspensheni huru, springi laini, na difu ya nyuma wengi tunaifunga kabisa ili magurudumu mawili yasukume pamoja. Kingine, vile vyuma vinne vinavyoishikilia ekseli vikipishana urefu hata milimita chache, gari linakwenda upande. Pima kwa rula kabla ya kufunga.

Betri Nne

Shukrani sana, hapo kwenye vyuma vinne umenifumbua macho. Langu linavuta kulia tangu nimelifunga.

Gurudumu Kubwa

Matairi

Tairi la monsta traki lisipogundishwa vizuri kwenye ringi linachomoka siku ya kwanza ya nguvu. Osha ukingo wa tairi na ringi kwa spiriti, kausha, tia supagluu nyepesi sehemu ndogondogo ukizunguka, bana, subiri, ndani na nje. Ringi zisizo za gundi, zile zenye pete na skrubu, ni nzuri kwa kubadili matairi ila ni nzito.

Kuvimba kwa tairi kunatibiwa kwa ndani: kabla ya kugundisha, geuza tairi nje ndani, bandika utepe wa nyuzi mzunguko mzima, tabaka mbili. Tairi linabaki na umbo lake hata kwenye mbio. Toboa pia matundu mawili madogo kwenye tairi pande zinazotazamana. Hewa inahitaji pa kutokea tairi linapobonyea, na maji yakiingia yatatupwa nje na mzunguko. Sponji iliyoshiba maji ndani ya tairi moja inatosha kulitikisa gari zima.

Sasa hesabu, kwa sababu tairi ni gia pia. Tuseme mota ya 2050 Kv (Kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti), betri ya lipo, yaani ya lithiamu, ya seli nne yenye volti 14.8. Zidisha: mizunguko 30,340 kwa dakika bila mzigo. Gia kubwa ina meno 50, pinioni 14, na difu ina uwiano wa 3.9. Gawa 50 kwa 14, zidisha kwa 3.9, unapata 13.9. Maana yake mota inazunguka karibu mara 14 ili gurudumu lizunguke mara moja. Gurudumu linafanya mizunguko 2,183 kwa dakika. Tairi la kipenyo cha milimita 150 linatembea sentimita 47 kwa mzunguko, kwa hiyo ni kama kilomita 62 kwa saa kwenye karatasi. Barabarani utapata pungufu, kwa sababu ya mzigo, upepo na volti zinazoanguka.

Weka sasa matairi ya milimita 170 bila kugusa gia. Karatasi inasema kilomita 70. Pinioni ya meno 16 na matairi ya 150 inakupa 70 ileile. Yaani kwa kubadili matairi peke yake umeongeza meno mawili ya pinioni, na mota inabeba mzigo huo, tena na matairi yenyewe ni mazito zaidi kuyazungusha. Ndiyo maana gari linaanza kuchemka "bila sababu" baada ya matairi mapya. Ukipandisha tairi, shusha pinioni.

Bodi kwa ufupi. Polikaboneti (plastiki angavu ya bodi) inapakwa rangi kwa ndani, ile ya polikaboneti, si ya makopo ya kawaida inayobanduka. Osha kwa sabuni kwanza, anza na rangi nyeusi au za giza, malizia na nyeupe nyuma ya rangi zilizo nyepesi zisionekane zimefifia. Karatasi ya nje usiitoe mpaka umalize. Rangi ikikauka, pandisha ndani utepe wa wavu wa kuzibia nyufa za ukuta, upake gundi nzito ya viatu juu yake, hasa kwenye paa, kona za bampa na matundu ya nguzo. Bodi iliyofanyiwa hivyo inapinduka mara nyingi kabla ya kupasuka.

Kijana wa Rampu

Mkuu hapo kwenye hesabu ya matairi nimekaa nayo nikaielewa mwenyewe na kalamu. Sasa tupe nguvu.

Gurudumu Kubwa

Nguvu

Haya. Usukani unashika, gari linatua, difu zimekaa. Sasa mota ina maana.

Kwa gari zito lenye matairi makubwa, chagua mota isiyo na brashi yenye Kv ya chini na volti za juu badala ya Kv ya juu na volti za chini. Nguvu ni volti mara ampea. Kazi ileile ukiifanya kwa volti 14.8 badala ya 7.4, ampea zinapungua karibu nusu, na joto linalopotea kwenye nyaya na mota linafuata mraba wa ampea. Gari linalochemka kwenye seli mbili linaweza kutulia kabisa kwenye nne, mradi Kv imeshushwa na kidhibiti mwendo kinakubali volti hizo. Soma kwanza kimeandikwa seli ngapi. Ukizidisha kinaungua palepale.

Betri: namba ya C iliyoandikwa juu yake (kasi ya kutoa umeme) mara uwezo ndiyo ampea zinazodaiwa. Betri ya mAh 5000 yenye 50C inadai ampea 250. Nyingi hazifiki huko, kwa hiyo ichukuliwe kama kipimo cha kulinganishia tu. Kinachoonekana kwa macho ni kuanguka kwa volti: tia moto wote, ukisikia gari linalegea baada ya sekunde chache, betri imezidiwa.

Chaji kwa 1C, yaani ampea 5 kwa mAh 5000, chaja ikiwa kwenye hali ya kusawazisha seli. Weka juu ya kitu kisichoungua, usiondoke. Seli ijae volti 4.2, na kikomo cha kuzima kiwe karibu 3.3. Betri iliyovimba hairudi kwenye gari hata kama bado inachaji.

Betri Nne

Naongezea, kwa kuwa betri nyingi zinakufa kabatini kuliko kwenye gari: usiiache imejaa. Kama huendeshi ndani ya siku mbili tatu, irudishe volti 3.8 kwa seli. Chaja nyingi zina kitufe cha kuhifadhi, kinapandisha au kushusha chenyewe.

Gurudumu Kubwa

Kweli kabisa, na isihifadhiwe tupu pia.

Majaribio

Kwanza gari likiwa juu ya stendi, magurudumu hewani. Washa rimoti kabla ya gari, na ukimaliza zima gari kabla ya rimoti. Tia moto kidogo, magurudumu yakizunguka zima rimoti makusudi. Magurudumu yasimame. Yakiendelea, kinga ya kupotea kwa mawimbi haijawekwa, na gari hilo halitoki nje mpaka iwekwe. Nasisitiza hapa kwa nguvu zote. Gari la kilo tano kwenye kilomita 60 kwa saa lina nishati ya karibu juli 700, sawa na kitu cha kilo tano kilichoanguka kutoka mita 14. Likimgonga mtoto mguuni, mguu unavunjika. Uwanja uwe wazi, watu wawe nyuma yako.

Pili, uwanja tambarare na kikomo cha moto kwenye rimoti kiwe asilimia 50. Nenda moja kwa moja, achia usukani, rekebisha hadi gari liende lenyewe bila kuvuta. Kata kona pande zote. Funga breki kwa nguvu uone kama linapinda.

Tatu, joto. Endesha dakika tano kwa mtindo wako wa kawaida, simama, elekeza kipimajoto cha mwanga kwenye mota, kidhibiti na betri. Mota ikiwa chini ya nyuzi 80 ni sawa. Ikikaribia 100 shusha pinioni jino moja au mawili, usiongeze feni tu. Sumaku zilizochemka hupoteza nguvu na hazirudi. Betri isifike 60. Pima tena dakika mbili baada ya kusimama, maana joto la ndani ya mota huchukua muda kufika kwenye ganda na namba ya pili huwa juu kuliko ya kwanza. Halafu ndipo ufungue moto asilimia 75, upime upya, kisha 100.

Nne, kuruka. Anza na rampu ya chini ambayo gari linainuka kama kimo cha goti, si zaidi. Hewani, kutia moto kunapandisha pua na kufunga breki kunaishusha, kwa sababu magurudumu yakibadili mzunguko mwili wa gari unajibu upande wa pili. Gusa kidogokidogo. Kabla ya kugusa chini punguza moto, magurudumu yawe yanazunguka karibu na kasi ya gari. Ukitua moto ukiwa wazi wote, magurudumu yanayokimbia yanashikwa na ardhi ghafla, na pigo linakwenda hadi kwenye difu na shafti.

Kila betri ikiisha geuza gari, tikisa kila gurudumu, kagua pini za mikono na skrubu za mota. Beringi ya gurudumu inayokwaruza itoe siku hiyohiyo. Ikijikaba inakula na kishikio chake.

Kijana wa Rampu

Nimefuata kila kitu mkuu na joto liko vizuri, mota 68. Tatizo langu: likitoka kwenye rampu linainamisha pua na kutua na bampa, hata nikitia moto hewani linachelewa kurudi.

Skrubu Tatu

Rampu yako ina mdomo mkali au umejikunja taratibu?

Kijana wa Rampu

Ni bao lililonyooka tu, mwisho limekatwa.

Gurudumu Kubwa

Basi nakuelewa. Magurudumu ya mbele yanatoka mwanzo, yanaanza kushuka, huku ya nyuma bado yako juu ya bao. Yakitoka na ya nyuma, springi zilizokuwa zimebanwa zinafunguka kwa haraka na kuupiga mkia juu. Mambo mawili yaangalie, moja kwanza, jingine baadaye.

La kwanza ni mkono wako. Wengi huachia triga wanapofika ukingoni, kwa woga. Kuachia tu kunainamisha pua, hasa kidhibiti kikiwa na breki ya kujifunga, ile inayoshika yenyewe ukiachia triga. Shika moto uleule hadi magurudumu ya nyuma yatoke kwenye bao, usiongeze, usipunguze. Angalia kwenye mipangilio, breki ya kujifunga iweke sifuri.

Bado inainama? Pandisha mafuta ya shokapu za nyuma kwa cSt 100, ili zifunguke polepole. Springi usiziguse na betri usiisogeze kwa sasa, ingawa kuisogeza nyuma nako kunasaidia. Rampu ileile, kasi ileile, kisha tuambie pua imekaaje na mafuta ya nyuma yamekuwa namba ngapi.